Sheria za Hammurabi ni ushahidi wa nini?

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa ualimu, mwaka wa kwanza, somo la historia. Tumepewa kazi ya kuandika insha kuhusu sheria za Hammurabi wa Babeli kwa kutumia vyanzo vya msingi na vyanzo vya upili. Nimepata tafsiri ya Kiingereza ya sheria zote kwenye intaneti na nimeisoma hadi mwisho. Tatizo langu ni vitabu. Kimoja kinasema hizi ndizo sheria za kwanza kuandikwa duniani, na kwamba mahakimu walizifuata neno kwa neno. Kingine kinasema hazikuwahi kutumika mahakamani. Nimwamini nani? Na je, tafsiri hii bado ni chanzo cha msingi, ilhali mimi sijui hata alama moja ya Kiakadi, lugha ya maandishi hayo?

Jibu: Marahaba. Umefanya jambo la maana kuyasoma maandishi yenyewe kabla ya kuanza kuandika, kwa sababu sehemu kubwa ya majibu unayoyatafuta imo humo humo. Nitakujibu kwa urefu, kwa kuwa mfano huu wa Hammurabi ukiuelewa vizuri utaweza kuutumia katika mada nyingine yoyote ya historia ya kale, iwe ya Misri, ya Uchina au ya Uajemi.

Kwa kawaida mwanafunzi hufundishwa kwamba chanzo cha msingi ni kile kilichotoka mikononi mwa watu wa zama zinazochunguzwa, na kwamba chanzo cha upili ni kile kilichoandikwa baadaye na mtu anayezichunguza zama hizo. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanaacha jambo moja kubwa: chanzo huwa cha msingi kwa swali fulani. Nguzo ya Hammurabi ni ushahidi wa moja kwa moja wa namna mfalme yule alivyotaka aonekane mbele ya miungu, mbele ya raia wake na mbele ya wafalme watakaomfuata. Vilevile ni ushahidi wa moja kwa moja wa namna makarani wa Babeli walivyoifikiria haki na walivyoyapanga makosa. Lakini ukitaka kujua nini kilitokea siku mkulima aliposimama mbele ya mahakimu wa Sippar au Larsa akidai shamba lake, nguzo hiyo inakupa fununu tu, na ushahidi wenyewe itakubidi uutafute kwingine. Vitabu vyako viwili vinagombana kwa sababu vyote viwili vimeipeleka nguzo mahakamani, kimoja kikaona inafaa na kingine kikaona haifai, kabla ya kuuliza iliwekwa kwa kazi gani.

Anza kwa kujua kile unachokisoma kimetoka wapi. Nguzo yenyewe ni jiwe jeusi lenye urefu wa mita 2.25, na leo imo katika makumbusho ya Louvre mjini Paris. Haikupatikana Babeli. Ilichimbuliwa na Wafaransa walioongozwa na Jacques de Morgan huko Susa, kusini-magharibi mwa Iran, mji ambao wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaujua kwa jina la Shushani, katika majira ya baridi ya mwaka 1901 kuingia 1902. Ilifika huko kama nyara. Shutruk-Nahhunte, mfalme wa Elamu, aliivamia nchi ya Babeli katika karne ya 12 KK, akabeba sanamu na nguzo za wafalme wa kale, karibu miaka mia sita baada ya Hammurabi kufariki. Safu kadhaa za maandishi katika sehemu ya chini ya upande wa mbele zilifutwa huko Elamu, yaelekea ili mteka nyara aandike sifa zake mwenyewe, kisha nafasi hiyo ikaachwa tupu. Vipande vya nguzo nyingine yenye maandishi kama hayo vilipatikana pia Susa, na hilo linatuonyesha kuwa Hammurabi alisimamisha zaidi ya nguzo moja katika nchi yake.

Aliyeyachapisha maandishi hayo kwa mara ya kwanza, mwaka 1902, ni padri Mfaransa Jean-Vincent Scheil, na ni yeye aliyeyagawa katika sheria 282 na kuzipa namba. Jiwe lenyewe halina namba hata moja. Vifungu vinafuatana safu kwa safu, na unatambua kuwa kifungu kipya kimeanza kwa sababu kinaanza na neno "ikiwa". Kwa ile sehemu iliyofutwa, Scheil alikadiria idadi ya vifungu vilivyopotea, akaziacha namba za kuanzia 66 hadi 99. Kwa hiyo hata ile hesabu ya 282, ambayo kila mwanafunzi huikariri, imechanganya kilichoandikwa na mtu wa Babeli na kilichokadiriwa na mtaalamu wa karne ya 20. Pengo hilo limezibwa kidogo kidogo kwa vibao vya udongo vilivyonakiliwa na makarani, baadhi vya zama za Hammurabi mwenyewe au karibu nazo, vingine vya maktaba ya mfalme Ashurbanipal huko Ninawi, katika karne ya 7 KK. Tafakari umbali huo: zaidi ya miaka elfu moja baada ya mfalme kufa, makarani wa Ashuru bado walikuwa wakiyanakili maandishi yake. Kibao cha Ninawi ni chanzo cha msingi pia, lakini kinathibitisha mambo mawili tofauti. Kinatuhifadhia maneno ya zamani, na wakati huohuo kinatuambia kwamba maandishi haya yalikuwa yamegeuka kuwa somo la kujifunzia ukarani, miaka mingi baada ya Babeli ya Hammurabi kutoweka.

Sasa rudi kwenye tafsiri yako uisome tena kwa mpango tofauti. Wanafunzi wengi huruka dibaji na tamati kwa haraka ya kuzifikia sheria, na hapo ndipo hupoteza ufunguo wa maandishi yote. Dibaji inasema kwamba miungu Anu na Enlil walimwita Hammurabi ili haki ionekane katika nchi, waovu waangamizwe, na mwenye nguvu asimdhulumu mnyonge. Kisha inaorodhesha mji mmoja baada ya mwingine na mema ambayo mfalme aliutendea kila mji na hekalu lake. Orodha hiyo, ambayo mwanzoni huchosha, ina kazi kubwa kwa mwanahistoria, kwa sababu inakupa tarehe. Larsa na Mari zimetajwa kama miji iliyo chini yake, na tunajua kuwa aliiteka miji hiyo baada ya kutawala miaka thelathini hivi. Kwa hiyo nguzo iliandikwa karibu na mwisho wa utawala wake wa takriban miaka 43. Kitabu kinachokuambia kwamba Hammurabi alipanda kiti cha enzi, akatunga sheria, kisha akaijenga dola yake juu ya sheria hizo, kimegeuza mpangilio wa mambo, na umeweza kuligundua kosa hilo kwa kuisoma dibaji tu.

Hapo hapo pana somo lingine. Dibaji inasema mfalme aliwahurumia watu wa Mari na akawapa hifadhi watu wa Malgium wakati wa maangamizi. Lakini Wababeli hawakuhesabu miaka kwa namba kama sisi. Kila mwaka ulipewa jina la tendo kubwa la mfalme, na jina la mwaka wa 35 wa Hammurabi linajivunia kwamba alizibomoa kuta za Mari na Malgium. Vyanzo vyote viwili vimetoka katika utawala uleule, na vyote ni vya msingi bila shaka yoyote. Kimoja kinasema huruma na kingine kinasema ubomoaji. Uhalisi wa chanzo hautupi dhamana ya ukweli wa kila neno lililomo. Mfalme alikuwa na hadhira tofauti na makusudi tofauti kila alipoamuru jambo liandikwe.

Tamati nayo ni ndefu na ina uzito wake. Mfalme anamwalika mtu aliyedhulumiwa afike mbele ya sanamu yake, asomewe maneno ya nguzo, aielewe kesi yake na moyo wake utulie. Kisha anawageukia wafalme wa siku zijazo, anawasihi wasiyabadili maneno hayo, na anamwaga laana nyingi, mungu mmoja baada ya mwingine, juu ya yeyote atakayelifuta jina lake. Soma laana hizo kwa makini ujiulize zinamlenga nani. Haziwataji wezi wala mahakimu wala rushwa. Zinamlenga mtawala wa baadaye. Mtu aliyeandika hivyo alikuwa akijenga kumbukumbu ya milele ya utawala wake, na sheria zilizo katikati ndizo ushahidi anaoutoa kuthibitisha kwamba alikuwa mfalme wa haki. Mchoro ulio juu ya nguzo unasema jambo hilohilo: Hammurabi amesimama mbele ya Shamash, mungu wa jua na wa haki, aliyeketi akimnyooshea fimbo na pete, alama za mamlaka. Vitabu vingi hueleza kwamba mungu anampa mfalme sheria, kana kwamba tunamwona Musa mlimani, lakini katika maandishi mfalme anasema wazi kwamba hukumu hizi za haki amezithibitisha yeye.

Tuje kwenye sheria zenyewe. Sheria ya 196 umeikumbuka bila shaka: mtu huru wa daraja la juu akimpofusha jicho mwenzake wa daraja hilo, naye atapofushwa jicho. Msomaji wa Torati atakumbuka mara moja maneno ya Kutoka 21, jicho kwa jicho na jino kwa jino. Lakini usiishie hapo, kwa sababu vifungu viwili vinavyofuata baada ya ule wa mfupa uliovunjwa vinasema jambo lingine: akimpofusha mtu huru wa daraja la chini atalipa mina moja ya fedha, yaani shekeli 60, na akimpofusha mtumwa wa mtu atalipa nusu ya thamani ya mtumwa huyo. Kisasi kilikuwa kwa walio sawa tu. Sheria za matabibu zina mpangilio huohuo: ujira wa kumponya mtu wa daraja la juu jeraha kubwa au jicho ni shekeli 10, wa daraja la chini ni shekeli 5, na wa mtumwa ni shekeli 2, zinazolipwa na bwana wake. Ukiutazama mpangilio huo unaona kazi ya mtu aliyekaa akilizungusha jambo moja kwa utaratibu, akibadilisha sharti moja kila mara. Makarani wa Mesopotamia waliandika hivyohivyo vitabu vyao vya utabiri na vya utabibu, vyenye maelfu ya vifungu vinavyoanza na "ikiwa". Mtaalamu Mfaransa Jean Bottéro aliujengea hoja mfanano huo mwaka 1982, akasema kuwa tunachokiita sheria kilikuwa mkusanyo wa hukumu za mfano, kazi ya kitaaluma ya kuonyesha namna haki inavyofikiriwa. Hoja hiyo nami naiona nzito.

Yako mengine yanayoiunga mkono, na yote unaweza kuyaona wewe mwenyewe katika tafsiri uliyo nayo. Tafuta sheria ya jumla inayomhukumu mtu aliyemuua mwenzake kwa kukusudia: haimo. Kuna anayemsingizia mwenzake mauaji bila kuthibitisha, kuna mke aliyesababisha mume wake auawe kwa ajili ya mwanamume mwingine, kuna aliyempiga mtu akafa bila kukusudia, lakini muuaji wa kawaida hakutajwa. Haiwezekani kwamba Babeli haikuwa na wauaji. Linganisha pia sheria ya 6 na ya 8: ya kwanza inamhukumu kifo aliyeiba mali ya hekalu au ya ikulu, ya pili inamtaka aliyeiba ng'ombe, kondoo, punda, nguruwe au mashua ya hekalu au ya ikulu alipe mara thelathini, na afe ikiwa hana cha kulipa. Wako wataalamu wanaozipatanisha, lakini hakimu aliyetakiwa kuzifuata neno kwa neno angepata taabu.

Je, basi hazikutumika kabisa? Hapa ndipo unapohitaji vyanzo vya msingi vya aina nyingine, na kwa bahati njema vipo kwa maelfu: mikataba ya mikopo, ya ndoa, ya kukodi mashamba na vibarua, kumbukumbu za hukumu, na barua. Benno Landsberger alionyesha mwaka 1939 kwamba kumbukumbu za kesi za wakati ule hazinukuu sheria za nguzo kuwa msingi wa hukumu. Mikataba nayo mara nyingi ina viwango vya ujira visivyolingana na vilivyo kwenye jiwe. Hata hivyo kuna nyaraka zinazotaja "amri ya mfalme" kama jambo linalopaswa kufuatwa, na kuna barua moja ya zama hizo inayosema kwamba ujira wa kibarua umeandikwa kwenye nguzo. Ushahidi huo ni mdogo, lakini unatosha kumzuia mtu mwangalifu asiandike neno "kamwe".

Barua za Hammurabi mwenyewe ndizo ningependa uzisome kuliko kitu kingine chochote, na zimetafsiriwa. Baada ya kuiteka Larsa aliwaandikia maofisa wake huko, hasa Sin-iddinam na Shamash-hazir, kuhusu mifereji, kodi, wachungaji na mashamba. Katika barua moja mtu amelalamika kwa mfalme kwamba shamba alilorithi kwa baba yake limechukuliwa akapewa mwingine. Mfalme anamwuliza Shamash-hazir tangu lini mali ya urithi ikachukuliwa namna hiyo, anamwagiza achunguze, na ikithibitika kuwa shamba ni la urithi, mwenyewe arudishiwe. Hakunukuu kifungu chochote. Anaagiza uchunguzi, anategemea desturi inayojulikana na kila mtu, na anatoa uamuzi. Mfalme wa barua hizi ni mtu anayefuatilia mambo madogo, mkali kwa maofisa, na anayejali malalamiko ya mtu mmoja mmoja. Hapo unagundua kwamba ile taswira ya mfalme wa haki haikuwa maneno matupu. Ilikuwa na mizizi katika kazi yake ya kila siku, ingawa haki hiyo haikupitia kwenye vifungu vya jiwe.

Jambo la madeni linaonyesha vizuri zaidi namna aina mbalimbali za vyanzo zinavyosaidiana. Sheria ya 48 inasema kwamba mwenye deni ambaye shamba lake limeharibiwa na mafuriko, au limekosa maji, halipi nafaka kwa mkopeshaji mwaka ule wala riba yake. Sheria ya 117 inasema mke, mwana au binti aliyetolewa utumwani kwa ajili ya deni atatumika miaka mitatu, na mwaka wa nne ataachiwa huru. Sasa weka kando ya sheria hizo amri ya Ammisaduqa, mfalme wa nne baada ya Hammurabi katika ukoo huohuo. Amri hiyo inafuta madeni ya shayiri na fedha yaliyokopeshwa kwa riba, inamtishia kifo mkopeshaji aliyejilipa kwa nguvu akakataa kurudisha, inawafungua waliotumikishwa kwa madeni ya nyumbani kwao, lakini inaiacha mikopo ya ubia wa biashara kama ilivyo. Amri za namna hii zilitekelezwa, kwa maana mikataba ya wakati ule inazitaja, na wakopeshaji waliandika masharti ya kujikinga nazo. Hammurabi naye alitoa amri ya haki mwanzoni kabisa mwa utawala wake, na jina la mwaka wake wa pili linaitangaza. Ukiuliza ni chombo gani kilichobadilisha maisha ya mkulima mwenye deni, ushahidi unaelekeza kwenye amri hizi kuliko kwenye nguzo. Na ukiuliza kwa nini mfalme alihitaji kuzitoa tena na tena, jibu linajitokeza: ile miaka mitatu ya sheria ya 117 haikutosha, au haikuheshimiwa.

Usisahau kwamba tunamwona Hammurabi kwa macho ya majirani zake pia. Huko Mari, kwenye mto Frati, mashariki mwa Syria, uchimbaji ulioanzishwa na André Parrot mwaka 1933 ulifichua ikulu yenye vibao zaidi ya 20,000. Humo mna barua ya ofisa mmoja, Itur-Asdu, anayeeleza kwamba hakuna mfalme mwenye nguvu peke yake: wafalme kumi au kumi na watano wanamfuata Hammurabi wa Babeli, wengine kadhalika wanamfuata Rim-Sin wa Larsa, kadhalika Ibal-pi-El wa Eshnunna na Amut-pi-El wa Qatna, na ishirini wanamfuata Yarim-Lim wa Yamhad. Dibaji ya nguzo inatuonyesha mtawala wa pembe nne za dunia. Barua hii inatuonyesha mtawala mmoja miongoni mwa kadhaa, na aliyemzidi nguvu, Yarim-Lim, yupo Aleppo, mji mkuu wa Yamhad. Na ni ajabu kwamba tunamjua vizuri zaidi kutoka Mari na Larsa kuliko kutoka mji wake mwenyewe. Robert Koldewey alichimba Babeli kuanzia mwaka 1899 hadi 1917, lakini tabaka za zama za Hammurabi ziko chini sana, zimefikiwa na maji ya ardhini, na karibu yote aliyoyafichua ni ya Nebukadreza, aliyetawala zaidi ya miaka elfu moja baadaye. Hifadhi ya nyaraka za ikulu ya Hammurabi hatunayo. Mtu anayesema "vyanzo vinaonyesha kwamba Babeli ilikuwa hivi" inampasa akumbuke ni Babeli ipi iliyofikiwa na majembe ya wachimbaji.

Sasa vyanzo vya upili. Kitabu chako kinachosema hizi ni sheria za kwanza duniani huenda kimeandikwa na mtu makini kabisa, ila kimeandikwa zamani, au kimenakili kilichoandikwa zamani. Kabla ya hoja ya mwandishi, angalia mwaka wa kitabu. Mwandishi wa mwaka 1930 alikuwa na haki ya kusema hivyo. Halafu vibao vya sheria za Eshnunna vikapatikana Tell Harmal, Baghdad, mwaka 1945 na 1947. Sheria za Lipit-Ishtar, zilizotangulia za Hammurabi kwa zaidi ya karne moja, zikachapishwa mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1940. Na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Samuel Noah Kramer akazitambua sheria za Ur-Nammu wa Uru, za mnamo mwaka 2100 KK, katika kibao kilichokuwa kimehifadhiwa Istanbul. Ugunduzi huo ulibadilisha zaidi ya tarehe. Vitabu vya zamani vilifundisha kwamba binadamu alianza na kisasi cha jicho kwa jicho, kisha akastaarabika akafika kwenye faini. Sheria za Ur-Nammu, zilizotangulia kwa zaidi ya miaka mia tatu, zinatoza fedha kwa majeraha ya mwili, na za Eshnunna zinatoza mina moja ya fedha kwa jicho. Katika ushahidi tulio nao faini ndiyo iliyotangulia, na nadharia nzima iliyoonekana ya kiakili na ya kupendeza ikaporomoka kwa vibao vichache vya udongo.

Kuhusu mjadala wa matumizi, soma wanaopingana kwa kutazama kila mmoja ameegemea ushahidi gani. F. R. Kraus alisema mwaka 1960 kwamba mkusanyo huu ni kazi ya kisomi ya makarani. Raymond Westbrook alikubali kuwa ulikuwa na asili ya kisomi, lakini akaeleza kwamba mikusanyo ya namna hii ilikuwa marejeo ya mahakimu wa mfalme katika kesi ngumu. Hawakutofautiana kuhusu kilichoandikwa. Walitofautiana kuhusu maana ya ule ukimya wa kumbukumbu za mahakama, na tofauti ya namna hiyo ni halali. Mwandishi wa upili anayestahili kuaminiwa ni yule anayekuonyesha kibao, barua au mkataba uliomfikisha kwenye hukumu yake, ili wewe uweze kuukagua. Kitabu kisichokuonyesha chochote, hata kama kimeandikwa kwa lugha ya uhakika, kitumie kwa kujifunza namna mada inavyofundishwa tu.

Hata tarehe unazozinakili ni kazi ya wataalamu. Ile 1792 hadi 1750 KK inatokana na mpangilio wa miaka uitwao wa kati. Ulipatikana kwa kulinganisha orodha za wafalme na maandishi yanayoeleza kuonekana na kupotea kwa sayari ya Zuhura katika utawala wa Ammisaduqa, na kwa kuwa mizunguko ya Zuhura hujirudia, hesabu ileile inaruhusu majibu kadhaa. Mpangilio mrefu unampeleka Hammurabi mwaka 1848 hadi 1806 KK, na mfupi unamleta 1728 hadi 1686 KK. Wengi leo wanatumia wa kati. Unaweza kuutumia bila wasiwasi, ila useme ni upi.

Umeuliza kuhusu tafsiri. Tafsiri ni chanzo cha msingi kilichopita mkononi mwa mtu wa upili, na inakubalika kabisa katika kazi ya ngazi yako, mradi umjue mtu huyo. Usihofu kwamba wasomaji wa mwandiko wa kikabari, yaani zile alama zenye umbo la kabari walizoandika Wababeli, wanabuni. Mwaka 1857 wataalamu wanne, Henry Rawlinson, Edward Hincks, Julius Oppert na William Henry Fox Talbot, waliyatafsiri maandishi mapya ya mfalme Tiglath-Pileser wa Kwanza, kila mmoja peke yake, wakazipeleka tafsiri zao kwa jumuiya ya wasomi wa mambo ya Asia mjini London zikiwa zimefungwa kwa lakiri. Zilipofunguliwa na kulinganishwa zilikubaliana katika mambo ya msingi. Tangu hapo elimu hiyo imepiga hatua kubwa. Tatizo la tafsiri zinazozagaa bure kwenye intaneti ni umri. Nyingi ni ile ya L. W. King, ya mwanzoni mwa karne ya 20, kabla vibao vingi vya kuziba pengo havijajulikana. Ukiweza, pata ya Martha Roth, iliyotoka mwaka 1995, ambayo inakuwekea pamoja sheria za Ur-Nammu, Lipit-Ishtar, Eshnunna na Hammurabi. Soma kifungu kimoja katika tafsiri mbili. Pale zinapoachana sana, usijenge hoja yako juu ya neno hilo.

Kwa insha yako, nakushauri uache kichwa kipana cha "sheria za Hammurabi" uchukue swali dogo unaloweza kulijibu kwa ushahidi. La madeni lingekufaa: tumia sheria ya 48 na ya 117, amri ya Ammisaduqa, mikataba michache ya mikopo iliyotafsiriwa, na waandishi wawili wa upili wanaopingana. Katika tanbihi taja namba ya sheria, jina la mfasiri na mwaka wa tafsiri yake. Na ukitumia kifungu chochote kilicho kati ya 66 na 99, eleza kwamba kimetoka kwenye vibao vya udongo, kwa kuwa katika nguzo ya Louvre sehemu kubwa ya vifungu hivyo imefutwa.